Toki ya saa au ya mlio? Kuchagua kifaa cha kukazia bolti ndogo za mashine ya boti

Bolti zinazokufa nyuzi kwenye mashine za boti hapa Lamu mara nyingi si zile kubwa. Ni za M5 na M6, yaani zenye unene wa milimita 5 na 6: za kasha la pampu ya maji, za kifuniko cha thamostati, na za kabureta. Ongeza hapo skrubu mbili za oili ya gia. Zote zinaingia kwenye aluminiamu, zote hukazwa kwa nguvu isiyofika Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na mafundi wengi huzikaza kwa mazoea ya mkono.

Mkono una nguvu kuliko tunavyoudhania. Spana ya namba 10 ina urefu wa kama sentimita 13. Ukiivuta kwa uzito wa kilo 6 tu, tayari umekaribia Nm 8, na hicho ndicho kipimo ambacho vitabu vingi vya mashine za Yamaha vinaipa bolti ya M6 isiyotajiwa kipimo chake maalumu. Ukivuta kwa kilo 15, nguvu ambayo mtu mzima huitumia bila kukunja uso, umefika Nm 19. Bolti itavumilia kidogo, lakini nyuzi za aluminiamu hazitavumilia. Hapo unaanza habari ya kutoboa upya na kutafuta helikoili, springi ya chuma inayotiwa tunduni iwe nyuzi mpya, nayo haipatikani kila duka la mjini.

Kwa hiyo kazi hii inataka toki, spana inayopima nguvu ya kukaza, tena toki ya kipimo kidogo. Aina zinazofaa kulinganishwa ni nne: ya saa, ya mlio, ya mshale na ya kidijitali. Maoni yetu tunayasema mapema: kwa kazi iliyo chini ya Nm 15, kwenye mashine inayoishi na maji ya chumvi, toki ya saa ndiyo ya kwanza. Lakini kuna hali ambazo nyingine inaishinda, na kuna jambo moja lenye uzito kuliko aina.

Angalia upeo kabla ya aina

Toki ndefu ya nusu inchi (hicho ni kipimo cha jino la mraba linaloingia kwenye soketi), ile ya Nm 20 hadi 200 au zaidi, haiwezi kukaza M6, hata iwe ya kampuni gani. Toki hufanya kazi vizuri kati ya sehemu ya tano ya upeo wake na mwisho wa kipimo. Chini ya hapo springi yake haijaanza kutii. Kwa bolti za Nm 5 hadi 10, tafuta toki ya robo inchi inayoishia Nm 15 au 25. Ukitaka kuitumia kwa plagi pia, chukua inayoishia Nm 30. Plagi ya uzi wa milimita 14 kwenye kichwa cha aluminiamu inataka Nm 25 hadi 30 kwa maelekezo ya NGK. Ya milimita 12, kama D8EA inayotumika kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, inataka Nm 15 hadi 20. Kitabu cha mashine yako kikitaja namba nyingine, fuata kitabu.

Soma pia jinsi usahihi ulivyoandikwa kwenye karatasi ya kifaa. Kuna "asilimia 4 ya kinachosomwa" na kuna "asilimia 4 ya upeo". Kwenye toki ya Nm 100, ile ya pili maana yake ni kosa la Nm 4 popote mshale ulipo. Ukikaza Nm 8, kosa hilo ni nusu nzima: bolti inaweza kuwa Nm 4 au Nm 12. Kwenye toki ya Nm 15 kosa hilohilo la asilimia 4 ya upeo ni Nm 0.6, na kazi inakwenda. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinazikubalia toki za mlio, na za saa pia, kosa la asilimia 6 hadi Nm 10, na asilimia 4 kuanzia hapo kwenda juu, kwa kinachosomwa. Kifaa kilichoandikwa namba hiyo ya ISO na kuja na cheti chake ni cha kuaminiwa kuliko kile ambacho sanduku lake lina picha tu.

Toki ya saa inakuonyesha bolti inafanya nini

Hii ina uso wa mviringo kama saa ya presha. Hakuna cha kutegesha: unavuta, mshale unapanda, na unaacha ukifika kwenye namba. Nyingi zina mshale wa pili unaosukumwa na ule wa kwanza na kubaki pale palipofikiwa, ukuonyeshe kilele hata ukiwa umeshaiondoa kwenye bolti. Zinasoma pande zote mbili, kulia na kushoto. CDI ya Marekani na Tohnichi ya Japani ni miongoni mwa kampuni zinazozitengeneza.

Thamani yake haiko kwenye namba ya mwisho tu. Iko kwenye njia ambayo mshale unapita kabla ya kufika. Chukua bolti ya kasha la pampu ya maji baada ya kubadilisha impela, gurudumu la ndani linalosukuma maji. Ikiwa nyuzi ni safi, mshale unalala karibu na sifuri wakati bolti inazunguka, kisha kichwa kikigusa kasha unapanda haraka na sawasawa mpaka Nm 8. Hiyo ni bolti nzima.

Sasa mshale ukisoma Nm 2 au 3 wakati kichwa bado hakijagusa, kuna kitu kwenye nyuzi: chumvi iliyoganda, gundi ya zamani, au bolti iliyopinda. Ukiendelea mpaka Nm 8, Nm 3 kati ya hizo zimeliwa na msuguano wa uchafu. Namba imefika na kasha halijabanwa. Toa bolti, pitisha tapu (kifaa cha kukata nyuzi) ya M6 kwa mkono, puliza tundu, rudia.

Na kuna hali ya tatu, ambayo ndiyo inayolipa gharama ya kifaa. Mshale unapanda hadi Nm 5 au 6, kisha unasita au unarudi kidogo ilhali mkono wako bado unazungusha. Ama gasketi inalegea kwa kubinywa, ama nyuzi za aluminiamu zimeanza kuvutwa. Simama papo hapo. Toa bolti uitazame: ukiona vipande vya aluminiamu vinavyong'aa vimekaa ndani ya nyuzi zake, tundu limeshaanza kufa, lakini bado linaweza kuokolewa. Toki ya mlio kwenye hali ya pili ingelia mapema na kukuridhisha. Kwenye hali ya tatu isingelia kabisa, nawe ungeendelea kuvuta ukiusubiri mlio mpaka bolti izunguke bure.

Nati za nailoni, ambazo boti zimejaa, ni sababu nyingine. Nati hizo zina ukinzani wao wenyewe kabla ya kubana chochote. Zungusha nati kwa toki ya saa ikiwa haijagusa washa, soma mshale ukiwa kwenye mwendo. Ukisoma Nm 1.5 na kitabu kinataka Nm 8, kaza hadi 9.5, isipokuwa kitabu kimesema namba yake tayari inahesabu ukinzani huo. Kipimo hiki cha mwendo, pamoja na kupima uzito wa beringi mpya zinapozunguka, toki ya mlio haiwezi kukupa.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Lazima uuone uso wake, tena kwa kuutazama moja kwa moja, kwa sababu ukitazama kwa upande utasoma namba ya jirani. Ndani ya kava ya mashine, bolti ikiwa nyuma ya flaiwili, uso unaweza kugeukia chini na usione kitu. Hapo mshale wa kumbukumbu unasaidia, lakini unakuambia baada ya tendo. Nyingi hazina racheti, kwa hiyo unakaza kwanza kwa spana ya kawaida mpaka kichwa kiguse, kisha unaleta toki kwa robo zamu ya mwisho. Ni ya polepole. Kioo chake hakipendi kuangushwa. Na bei yake ni mara kadhaa ya toki ya mlio ya kawaida ya madukani.

Toki ya mlio ina kasi, lakini chini kabisa hunong'ona

Hii mafundi wengi wanaijua: unazungusha mshiko hadi namba, unafunga, unavuta mpaka ilie "ka". Ina racheti, inaingia mahali pa giza, na huhitaji kuitazama. Ukiwa na kifuniko cha klachi cha bodaboda chenye bolti kumi na kitu za M6, zote za kipimo kimoja, toki ya mlio itamaliza kazi ilhali ya saa iko nusu.

Tatizo liko chini. Ikitegeshwa Nm 5 au 6, mlio ni hafifu sana, mkono hauhisi, na kelele za gati zinaufunika. Fundi anapitiliza. Na toki hii haikuzuii: baada ya "ka" inaendelea kuvuta kama spana ya kawaida. Kwa hiyo ukichagua ya mlio kwa kazi ndogo, iwe ya robo inchi inayoanzia Nm 2 hadi 5, nawe usiitegeshe kwenye namba ya chini kabisa ya upeo wake.

Ina masharti yake. Baada ya kazi rudisha springi kwenye namba ya chini kabisa ya kipimo, lakini usiipitishe chini ya hapo. Ikiachwa imekazwa kwa wiki, springi inachoka na namba zinahama. Ikikaa muda mrefu bila kutumika, ilize mara tano au sita kwenye namba ya katikati ili grisi ya ndani isambae, maana mlio wa kwanza baada ya kulala huwa mzito kuliko uliotegeshwa. Usiitumie kufungulia bolti iliyoshika kutu. Nyingi pia hupima upande wa kulia tu.

Toki ya mshale kwa mfuko mdogo

Hii ni chuma kirefu kinachopinda na sindano isiyopinda pembeni yake. Haina springi ya kuchoka wala gia za kushika kutu. Ikiangushwa na sindano ikahama, unaikunja kidogo irudi kwenye sifuri na kazi inaendelea. Kwa fundi anayeanza, au kwa boti inayotaka kubeba toki safarini kwenda Faza au Kizingitini, ndiyo inayodumu.

Lakini chagua ya kipimo kidogo kweli, ile ya hadi Nm 10 au 15. Nyingi zinazouzwa ni za Nm 100 na kitu, na mistari yake imepishana kwa Nm 5 au zaidi, huwezi kuona Nm 8 hapo. Mshiko wake mara nyingi umeshikiliwa kwa pini moja katikati: vuta mshiko ukiwa unaelea juu ya pini, usiulalie upande mmoja, la sivyo namba si ya kweli. Haina kumbukumbu ya kilele, na makosa ya kutazama kwa upande ni makubwa kuliko ya saa.

Ya kidijitali

Kwa usahihi ndiyo bora kwa karatasi: nyingi zinatangaza asilimia 2, zinapiga kelele ukikaribia namba, zinaonyesha kilele, zinabadilisha vipimo kwa kitufe. Kwenye karakana yenye mlango na meza kavu, nunua bila wasiwasi. Chini ya mwembe karibu na gati ni habari nyingine. Hewa ya chumvi inashambulia sehemu za betri kwanza, na kifaa kinazimika katikati ya kazi kikiwa bado kizima ndani. Kingine cha kuangalia: ukiiwasha huku umeishika kwenye bolti, au inaning'inia, inachukua mzigo huo kuwa ndio sifuri, na kila namba inayofuata ni ya uongo. Iwashe ikiwa imelala mezani.

Kwa skrubu za Nm 1 hadi 4, kama za waya kwenye kidhibiti cha sola au viunganishi vya betri ndogo, hakuna hata moja kati ya hizi nne iliyo sawa. Hapo ni bisibisi ya toki.

Makosa ambayo hakuna kifaa kitakachokuokoa nayo

Vipimo vya kizungu vimechanganyika madukani. Nm 10 ni sawa na inchi-paundi 88.5, futi-paundi 7.4, au kilo-sentimita 102. Anayesoma namba 8 ya kitabu kwenye mistari ya futi-paundi amekaza Nm 10.8, yaani zaidi ya thuluthi juu. Toki za saa nyingi zina duara mbili za namba, moja ndani ya nyingine. Paka rangi kidogo kando ya duara la Nm ili jicho lisihame.

La pili ni mafuta. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia, karibu asilimia 90, huishia kwenye msuguano wa kichwa na wa nyuzi. Kinachobaki ndicho kinachobana. Ukipaka grisi bolti ambayo namba yake ni ya bolti kavu, msuguano unashuka na mbano unaweza kuzidi kwa theluthi ilhali mshale unasoma vilevile. Kwenye boti huwezi kuacha grisi, kwa sababu bolti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya aluminiamu na maji ya chumvi huifanya aluminiamu ilike, na bolti inashikana nayo. Basi soma kitabu: kikiwa kimeonyesha alama ya grisi kwenye bolti hiyo, namba iliyoandikwa tayari ni ya bolti yenye grisi, usiipunguze. Kikiwa hakijaonyesha nawe umepaka, shusha robo. Kwa M6 ya Nm 8 hiyo ni Nm 6. Bolti ya M6 ya chuma kisichoshika kutu ya daraja la 70 yenyewe isipite takriban Nm 7, hata kama ile ya asili iliyotoka kiwandani ilistahimili zaidi.

La tatu, vichwa vya nyongeza. Ekstensheni ya soketi inayoshuka wima haibadilishi namba. Kichwa cha mguu wa kunguru kinachorefusha spana kwa mbele kinaibadilisha. Gawanya urefu wa toki kwa jumla ya urefu wake na wa nyongeza, uzidishe kwa namba ya kitabu. Toki ya sentimita 25 na nyongeza ya sentimita 3, kwa Nm 8, ukome mshale ukisoma 7.1. Ukikiweka kichwa hicho kwa pembe ya nyuzi 90 na mshiko, namba haibadiliki, na ndiyo njia rahisi pale nafasi inaporuhusu.

Na mfuatano. Kasha la pampu lenye bolti nne hukazwa kwa kuvuka, kona na kona ya pili yake, raundi ya kwanza Nm 4 kila moja, raundi ya pili Nm 8. Skrubu za oili ya gia zina gasketi zake, weka mpya kila mara. Jaza oili kwa tundu la chini mpaka ichungulie tundu la juu, funga ya juu kwanza, kisha ya chini, Nm 9 kwa mashine nyingi za Yamaha. Safari ijayo oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Anza kwa kukagua gasketi za skrubu kabla hujalaumu sili za shafti.

Kama ni yetu kuchagua

Fundi wa mashine za boti anayefungua pampu na gia kila wiki: toki ya saa ya robo inchi au inchi 3/8, hadi Nm 25 au 30, mistari isiyopishana zaidi ya Nm 0.5. Fundi wa bodaboda mwenye bolti nyingi za aina moja: ya mlio ya Nm 5 hadi 25, na akipata pesa aongeze ya saa ya kupimia ile ya kwanza. Nahodha anayetaka kifaa ndani ya boti: ya mshale, ndogo, kwenye mfuko wa plastiki mzito. Mwenye karakana iliyofungwa: ya kidijitali, akiwa tayari kuitunza.

Ya saa ikishatumika, ifute kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, pakaa oili nyembamba kwenye jino la mraba, iweke kwenye sanduku lake na vifuko vya silika. Usipulizie dawa ya kutu kwenye uso wake: inapenya chini ya kioo, inashika vumbi na kuzifanya gia za ndani kuwa nzito. Haina springi ya kulegeza.

Kupimwa rasmi ni kila miezi 12 au baada ya mikazo 5,000, kinachotangulia. Kati ya hapo, au mzigo ukifika kwa basi hadi Mokowe na hujui njiani ulirushwa mara ngapi, unaweza kuikagua mwenyewe. Funga jino la mraba kwenye jiliwa, toki ilale sawa kabisa upande, kisha zungusha duara la uso mpaka sifuri ije chini ya mshale, ili uzito wa toki yenyewe usihesabiwe. Pima kwa rula kutoka katikati ya jino hadi katikati ya mshiko, mahali kidole cha kati kinapokaa. Ning'iniza hapo kwa kamba nyembamba galoni lililopimwa kwenye mizani ya duka likiwa na maji ya bomba, uzito wa jumla kilo 5. Usitumie maji ya bahari kwa kukadiria lita, ni mazito zaidi. Kwa umbali wa sentimita 20, mshale usome Nm 9.8. Toa maji mpaka jumla iwe kilo 2.5 na usome 4.9. Mshale ukikosea kwa kiasi kilekile mara zote mbili, sifuri imehama. Kosa likiongezeka pamoja na mzigo, sehemu ya ndani inayopinda imechoka, na hapo irudishwe dukani au ipelekwe kwenye maabara ya vipimo kabla haijagusa bolti nyingine.